Usikimbilie delta kabla ya kusafisha mlinganyo

Wadogo zetu mnaoanza milinganyo ya digrii ya pili hapa Lubumbashi, kosa linalowapotezea wengi alama si la hesabu ngumu. Mwanafunzi anaona x², anaandika a, b, c palepale, anaanza kutafuta delta, yaani b² − 4ac. Jicho linadanganya. Mlinganyo ni wa digrii ya pili ukishafika kwenye ax² + bx + c = 0, na a si sifuri. Fungua mabano, hamishia kila kitu upande mmoja, kusanya vinavyofanana, ndipo useme ni wa digrii gani.

Chukua huu:

3x² − (x − 2)(x + 5) = 2x² + 4

Alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano ndiyo mtego. Zidisha kwanza, lakini jibu liache ndani ya mabano: 3x² − (x² + 3x − 10). Mstari unaofuata, ondoa mabano na ugeuze alama zote tatu: 3x² − x² − 3x + 10. Wengi hugeuza ya x² tu, wakaacha +3x − 10. Tafadhali msibane mistari hii miwili kuwa mmoja. Karatasi ni ya bei rahisi kuliko alama za mtihani. Sasa tuna 2x² − 3x + 10 = 2x² + 4. Zile 2x² zinafutana, inabaki −3x + 6 = 0, yaani x = 2. Ni digrii ya kwanza, delta haina kazi. Weka 2 mahali pa x: kushoto 12, kulia 12.

Kuna unaotisha bure: (x + 1)³ = x³ + 4. Ukiufungua, x³ inafutana pande zote mbili, inabaki 3x² + 3x − 3 = 0. Gawa kwa 3: x² + x − 1 = 0. Huo ni wa digrii ya pili kweli.

Kugawa kwa namba ni salama; kugawa kwa x ni hatari. Katika x² = 5x, ukigawa kwa x unabaki na x = 5, na jibu la sifuri limepotea. Andika x² − 5x = 0. Lakini x + 6/x = 5 unaruhusu kuzidisha kwa x, mradi uandike kwanza kwamba x si sifuri: unapata x² − 5x + 6 = 0, majibu 2 na 3.

Wakati mwingine x² haionekani kabisa. Parseli (kiwanja) ina mita za mraba 300, urefu unazidi upana kwa mita 5. Upana tuuite x: x(x + 5) = 300. Fungua: x² + 5x − 300 = 0, yaani (x − 15)(x + 20) = 0. Upana hauwezi kuwa −20, basi ni mita 15, na urefu mita 20.

Ukikuta herufi nyingine, kama (m − 2)x² + 3x − 1 = 0, andika sharti kabla ya yote: m isiwe 2. Ikiwa 2, kinachobaki ni 3x − 1 = 0.