Brashi ya hewa ya kwanza: anza na ipi, na hewa utoe wapi?

Ndugu, umeuliza ununue brashi ya hewa (kifaa kidogo cha kupulizia rangi) ya aina gani kwa ndege zako za modeli za kipimo cha 1/72, na kama makopo ya hewa iliyoshindiliwa yatatosha badala ya kompresa, yaani mashine ya kusukuma hewa. Makopo achana nayo. Ukipuliza mfululizo kopo linapoa, presha inashuka, na rangi inaanza kutoka matone matone ukiwa katikati ya bawa. Hiyo hela iweke kwenye kompresa yenye tangi dogo la lita 3, rejuleta (kidhibiti presha) na kichujio cha kunasa maji yaliyo kwenye hewa. Tangi usilikose kabisa: bila hilo hewa inakuja kwa mapigo na mstari mwembamba hautoki sawa.

Brashi yenyewe chukua ya kikombe cha rangi kilicho juu, yenye kitufe cha kazi mbili: ukibonyeza inatoka hewa, ukivuta nyuma inafuata rangi. Nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 0.3 inatosha kwa karibu kila kazi, ya 0.2 inaziba upesi, hasa kwa rangi za akriliki. Zimua rangi iwe nyepesi kama maziwa, anza na presha ya PSI 15 hadi 20 (PSI ni kipimo cha presha kwenye rejuleta), na ujaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki. Na barakoa yenye kichujio, tafadhali, hata kwa rangi za maji.