Kimbunga kikikaza karibu na pwani, soma mgandamizo kabla ya daraja
Unapofuatilia kimbunga katika Ghuba ya Meksiko au Karibi, kosa la hatari kuliko yote ni kudhani namba uliyoisoma asubuhi bado inafaa mchana. Kimbunga huhesabiwa kuwa kimepata nguvu kwa haraka pale upepo wake unapoongezeka kwa kilomita 55 kwa saa au zaidi ndani ya saa 24, na hicho ni kiwango cha chini tu. Asubuhi ya tarehe 24 Oktoba 2023 Otis, upande wa Pasifiki, ilikuwa bado dhoruba ya kitropiki, yaani haijafikia nguvu za kimbunga. Usiku wa kuamkia tarehe 25 ikatua karibu na Acapulco, Meksiko, ikiwa daraja la 5, la juu kabisa katika kipimo cha upepo wa vimbunga cha 1 hadi 5. Aliyepanga kufunga mbao za madirisha kesho yake hakuwahi.

Anza na ratiba. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, hutoa taarifa kamili mara nne kwa siku: saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku, kwa saa za kiangazi za Miami. Pwani ikishawekewa angalizo au tahadhari, taarifa nyingine huingizwa katikati, hivyo unapata mpya kila baada ya saa 3. Tega kengele ya simu. Data za ndege na setilaiti hutumia saa za UTC (saa za kimataifa), zilizotangulia za Miami kwa saa 4 wakati wa kiangazi. Picha iliyoandikwa 14:00 UTC ilipigwa saa 4 asubuhi pale Miami, si saa 8 mchana. Wengi huteleza hapo, kisha wanasambaza picha iliyopitwa na wakati kana kwamba ni ya sasa hivi.

Chukua daftari, chora safu tano: saa, mgandamizo wa hewa katikati, upepo wa juu kabisa, kipenyo cha jicho (sehemu tulivu ya katikati), na mwelekeo pamoja na mwendo. Safu ya mgandamizo ndiyo ya kuitazama kwanza: ukishuka, kimbunga kinakaza. Upepo mkali kabisa unaweza kuwa kwenye kipande kidogo cha ukuta wa jicho (duara la mawingu mazito linalolizunguka) ambacho ndege haikukipitia, na mara nyingi upepo huchelewa kuufuata mgandamizo. Mgandamizo wenyewe hupimwa pale pale katikati. Ukishuka milibari 1 (kipimo cha mgandamizo) kila saa, kwa saa 6 mfululizo, ushauri wetu ni mmoja: jiandae kwa daraja moja juu ya lililotabiriwa, usingoje litangazwe.

Namba hizo huletwa na ndege zinazokata katikati ya kimbunga, kwa kawaida zikiwa kwenye kimo cha mita 3,000 hivi kimbunga kikishakuwa kikubwa. Ndani ya jicho wahudumu hudondosha kifaa chenye parachuti ndogo, nacho hutuma vipimo hadi kinapogusa bahari. Tuseme kimesoma milibari 951, lakini pale kilipoangukia kulikuwa na upepo wa noti 30 (noti 1 ni kama kilomita 1.85 kwa saa). Maana yake hakikufika katikati hasa, kwa sababu katikati kabisa hewa hutulia. Ondoa milibari 1 kwa kila noti 10, upate 948. Usipofanya hivyo unaweza kuona kimbunga "kimesimama" kumbe kinaendelea kukaza. Vilevile upepo unaopimwa na ndege ni wa huko juu. Kwenye ukuta wa jicho, usoni mwa bahari huwa takribani asilimia 90 yake: noti 130 kule juu ni kama 117 chini.

Jicho nalo lina habari zake. Likisinyaa kutoka kilomita 40 hadi 20, na ukuta wake ukafunga duara kamili, kimbunga kinapata nguvu. Usiku picha za kawaida hazisaidii, na mawingu ya juu hufunika kila kitu. Setilaiti za mikrowevu huona chini ya mawingu hayo na kuonyesha duara likifunga hata kabla jicho halijaonekana. Ila hupita mara chache kwa siku, kwa hiyo kagua saa ya picha. Rada za nchi kavu ni nzuri kimbunga kikishakaribia, lakini mwale wake hupanda kadiri unavyokwenda mbali: kwenye kilomita 200 unaona kilichoko kimo cha kilomita 4 hivi, na ya chini yake yanakupita.

Jicho dogo mno huweza kuzungukwa na duara la pili la nje, la ndani likafa. Hapo upepo wa juu hupungua na watu hushusha pumzi. Wasifanye hivyo. Mara nyingi upepo unakuwa umetandaa eneo kubwa zaidi, na maji yaliyokwisha kusukumwa hayarudi nyuma. Kimbunga Katrina kilishuka kutoka daraja la 5 hadi la 3 kabla ya kutua tarehe 29 Agosti 2005, lakini pwani ya Mississippi, Marekani, bahari ilipanda hadi mita 8 na zaidi. Maji hayo huwa mabaya upande wa kulia wa njia ya kimbunga, kule upepo unakosukuma bahari kuelekea nchi kavu. Njia ikisogea kilomita 30 tu, mji mmoja unaokoka na wa jirani unazama.

Ndiyo maana pembe ya utabiri kwenye ramani isikutulize. Inaonyesha pale kitovu kinapoweza kupita, na kitovu hutoka nje yake takribani mara moja kwa kila tatu. Haisemi lolote kuhusu upana wa kimbunga.

Saa ya kuondoka ihesabu kwa kufika kwa upepo wa kilomita 63 kwa saa, ambao ndio mwanzo wa nguvu za dhoruba ya kitropiki, usiihesabu kwa kutua kwa jicho. Kitovu kikiwa kilomita 400 kutoka kwako kikija kwa kilomita 20 kwa saa, utadhani una saa 20. Kama upepo huo umetandaa kilomita 200 mbele yake, una saa 10, na maji huweza kufunga barabara za chini mapema zaidi. Amri ya kuhama ikitoka, usisubiri hesabu hizi.

Kama umebaki na jicho likakupitia, usitoke. Jicho la kilomita 20 likienda kilomita 20 kwa saa hukaa juu yako saa 1 likipita katikati kabisa, na dakika chache likikugusa ukingoni. Upepo wa pili hutoka upande wa kinyume, na madirisha yaliyokuwa yamekingwa na nyumba ndiyo sasa hupigwa.