Maswali ya Wasomaji: Vihisi vya Barabarani na Foleni za Magari

SWALI: Mhariri, nasikia kuna miji inayofukia vihisi visivyotumia waya barabarani ili kupunguza foleni. Kifaa kilichofukiwa kwenye lami kinaondoaje magari njiani? Na kwa nini kisiwe na waya, ilhali taa za kuongozea magari zina umeme tayari?

JIBU: Ndugu msomaji, kifaa hicho hakiondoi gari hata moja, kazi yake ni kuhesabu. Aina inayotumika sana ni kidude kinachoenea kiganjani, ambacho hutumbukizwa katika tundu lililotobolewa kwenye lami, kisha tundu likazibwa. Ndani yake mna kipima sumaku: gari lina chuma kingi, hivyo likipita juu yake huuvuruga kidogo uga wa sumaku wa dunia, na kidude huitambua hali hiyo na kupeleka habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi kilichofungwa nguzoni. Vikifuatana viwili, muda wa gari kutoka cha kwanza hadi cha pili huonyesha mwendo wake.

Faida huonekana kwenye taa. Taa inayofuata saa peke yake huweza kuwaka kijani nusu dakika nzima upande usio na gari, huku upande wa pili madereva wakipiga honi. Mtambo unaojua magari yalipo hukikatiza kijani hicho cha bure na kukihamishia penye foleni.

Wazo lenyewe si geni. Mfumo wa kuongoza taa za barabarani uitwao SCATS, uliobuniwa Sydney katika miaka ya 1970, na ule wa SCOOT wa Uingereza, ilijengwa juu ya pete za waya zilizofukiwa barabarani. Kuweka pete hizo ni kukata mifereji kwenye lami na kufunga njia, na mtu akija kuchimba kwa ajili ya bomba la maji, waya hukatika. Ndiyo maana wengi wanaukimbia waya.

Ila anayekimbia waya huishia mikononi mwa betri. San Francisco, katika mpango wa SFpark ulioanza mwaka 2011, ilifukia vihisi kwenye maegesho ili ada ipande au ishuke kulingana na nafasi zilizopo, na madereva wapunguze kuzungukazunguka wakitafuta pa kuegesha. Mwishoni mwa 2013 vihisi hivyo vilizimwa, betri zikiwa zimekaribia ukomo wake. Ningekuwa mnunuzi, hilo ndilo swali langu la kwanza kwa muuzaji.

SWALI: Vikifungwa kila makutano, foleni zitakwisha?

JIBU: Hapana. Magari yanayofika yakizidi yale ambayo makutano yanaweza kuyapitisha, kila upande huwa na foleni. Gari husimama juu ya kihisi, nacho huripoti mfululizo kwamba pamejaa, na kompyuta haina tena pa kuchukua kijani cha kuhamisha.