Ficha safu ya vyeo kabla hujampelekea bosi hilo jedwali

Mkuu, simama hapo hapo. Hilo jedwali usilitume.

Umeuliza mambo manne: usome cheti gani, utumie programu gani, bima ya afya uipange vipi, na wanaolalamikia mshahara uwajibu nini. Halafu katikati ukachomeka sentensi moja kama vile si kitu: "nimeshaweka vyeo vyetu 43 mbele ya vyeo vya ripoti ya soko, vingi vimefanana, Ijumaa napeleka mapendekezo ya nyongeza." Ripoti ya soko, kwa asiyeijua, ni ile inayoonyesha waajiri wengine wanalipa kiasi gani kwa kila kazi. Wachangiaji wa hapo juu wamekupongeza kwa kasi. Mimi sikupongezi, maana najua hiyo barabara inaishia wapi na bado nina vumbi lake.

Cheo si kazi. Chukua "Mhasibu Mwandamizi". Kwenye ripoti, ukisoma yale maelezo ya herufi ndogo ambayo kila mtu anayaruka, huyo ni mtu anayefunga hesabu za mwezi, anaandaa taarifa za fedha, anajibu hoja za wakaguzi na ana watu wawili chini yake. Kwenye ofisi nyingi, Mhasibu Mwandamizi ni mtu aliyepewa neno "mwandamizi" mwaka ambao hapakuwa na hela ya kumwongeza. Siku nzima anaingiza ankara, analinganisha daftari na taarifa ya benki, anafaili risiti. Ni kazi ya heshima, ila kwenye ripoti hiyo hiyo inaitwa Karani wa Hesabu, kurasa kadhaa mbele, na bei yake ni nyingine kabisa.

Tupige hesabu kwa tarakimu za mfano. Mtu wako anapata mshahara wa msingi 900,000. Mediani ya soko, yaani mshahara wa katikati ukiipanga yote kutoka mdogo hadi mkubwa, kwa Mhasibu Mwandamizi ni 1,300,000. Excel inakuambia yuko kwenye 69% ya soko, bosi anashtuka, nyongeza ya 400,000 inapita kikao kimoja tu. Mediani ya Karani wa Hesabu, kazi anayoifanya kweli, ni 920,000. Maana yake alikuwa kwenye 98%. Hakuwa na tatizo lolote. Mmemtibu mtu mwenye afya mpaka akaugua.

Na hiyo 400,000 haiji peke yake. Kwa mwaka ni 4,800,000. Weka mchango wa mwajiri wa hifadhi ya jamii, tuseme 10% ya msingi: 480,000. Weka ovataimu: kama malipo ya saa moja mnayapata kwa kugawa msingi wa mwezi kwa saa 200, kila saa imepanda 2,000, zidisha 1.5, zidisha saa 20 za mwezi, zidisha miezi 12, unapata 720,000. Jumla 6,000,000 kwa mtu mmoja. Una wangapi wenye cheo hicho? Wakiwa sita ni 36,000,000 kwa mwaka, na hapo sijagusa malipo ya likizo, kiinua mgongo na kila posho inayohesabiwa kama asilimia ya msingi. Ukitaka kujua uzito wa kosa, usiangalie nyongeza. Fungua sera zenu na mikataba, utafute kila mahali palipoandikwa "asilimia ya mshahara wa msingi". Hizo ndizo nyuzi zote zilizofungwa kwenye kamba uliyoivuta.

Halafu yuko aliye juu yao. Msimamizi wao anapata 1,350,000, na jana tofauti yake na anaowasimamia ilikuwa 450,000. Leo ni 50,000. Atakuja mezani kwako kabla ya mwisho wa mwezi, na atakuwa na haki. Ukimpandisha yeye, wasimamizi wa idara nyingine nao wanakuja, na hapo ndipo moto unapohamia nyumba ya pili.

Kurudi nyuma? Sahau. Mshahara wa msingi ni sehemu ya mkataba, huwezi kuushusha kwa barua ya kuomba radhi bila mwenyewe kuridhia, na nani aridhie? Kinachobaki ni kuuacha mshahara wake ulipo mpaka daraja lake, yaani kiwango cha mshahara chenye sakafu na dari, limfikie. Tuseme dari ya daraja lake halisi ni 1,040,000. Amelivuka kwa 25%. Kama madaraja yenu yanapanda 4% kwa mwaka, atasubiri miaka kama sita bila nyongeza ya msingi. Miaka sita mtu anafanya kazi vizuri na kila mwaka unamwambia "mwaka huu tena hapana". Dawa ya kupunguza maumivu ni kumpa malipo ya mkupuo yasiyoingia kwenye msingi, au kumhamishia kazi kubwa zaidi kweli kweli, siyo kumbadilishia cheo tena. Cheo ndicho kilichotufikisha hapa.

Na wanaotuingiza mkenge nawajua. Ni hao washauri wa suti wanaouza ripoti, wanafungua mafunzo ya siku mbili, wanakuonyesha jinsi ya kutumia VLOOKUP, fomula ya Excel, kuunganisha orodha mbili kwa majina yanayofanana, wanasema "vyeo ni vilevile kila mahali, tofauti ni ndogo". Ndogo! Aliyeniambia mimi hivyo alilipwa siku hiyo hiyo, na aliyebaki kuelezea bajeti ya mishahara si yeye. Msinicheke sana, fomula yangu ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Ilikuwa inahesabu upuuzi, lakini kwa usahihi mkubwa.

Kwa hiyo kanuni ni moja, na ukisahau mengine yote shika hii: ficha safu ya vyeo. Kwenye orodha yako na kwenye ripoti. Bofya safu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uifiche, uoanishe kwa maelezo ya kazi tu. Ukimaliza ndipo ufunue uone majina. Theluthi yatakushangaza.

Maelezo ya kazi usiyatoe kwenye faili. Yale yaliandikwa wakati wa kutangaza nafasi na hakuna aliyeyagusa tena. Kaa na mfanyakazi dakika 45, kisha msimamizi wake dakika 30, kila mmoja peke yake. Usiulize "majukumu yako ni yapi", utasomewa shairi. Uliza: wiki iliyopita ulifanya nini, siku kwa siku? Ni uamuzi gani unaufanya bila kuomba saini ya mtu, na wa kiasi gani cha fedha? Ukikosea, nani anagundua, na baada ya muda gani? Swali la mwisho ndilo linalotenganisha karani na mhasibu. Kosa la karani linakamatwa kesho yake na mtu wa meza ya pili. Kosa la mhasibu anayefunga hesabu linaweza kukaa mpaka wakaguzi waje.

Toka hapo na majukumu makuu matano hadi saba, kila moja na asilimia ya muda wake, jumla 100. Weka mbele ya maelezo ya ripoti, ujumlishe asilimia za majukumu yanayofanana. Chini ya 70%, hiyo si kazi ile ile, itupe, hata kama jina ni pacha. Ikifika 70% lakini kazi yako ni kubwa au ndogo kidogo, unaweza kurekebisha bei juu au chini, ila ukijikuta unarekebisha zaidi ya 15% ujue unalazimisha. Hakikisha na ngazi: anaripoti kwa nani, nani anaripoti kwake, shirika lina watu wangapi. Meneja wa Fedha wa sehemu yenye watu 12 na wa kiwanda chenye watu 800 wanachofanana ni kadi ya biashara tu.

Tena si lazima uoanishe vyote 43. Chagua kazi 15 hadi 20 zinazopatikana karibu kila mahali, ambazo kwa pamoja zinabeba angalau nusu ya wafanyakazi wako. Hizo ndizo vigingi. Zilizobaki zipange katikati yake kwa kupima uzito wa kazi: ujuzi unaohitajika, ugumu wa matatizo, uwajibikaji, mazingira ya kazi. Ile nafasi ya ajabu mliyoibuni wenyewe usiitafutie soko, haina.

Ripoti yenyewe nayo ina mitego. Angalia kama namba ni za msingi peke yake au zimechanganywa na posho na bonasi, maana hapo unaweza kulinganisha msingi wako na mfuko mzima wa mwenzako. Angalia kama ni ya mwezi au ya mwaka, na kama ya mwaka ni miezi 12 au 13. Ghafi au baada ya makato. Tumia mediani, siyo wastani, kwani mkubwa mmoja anayelipwa kupita kiasi anauvuta wastani wote juu. Kazi ambayo takwimu zake zimetoka kwa waajiri watatu tu usiitegemee. Na tarehe: takwimu zikiwa za Januari na daraja lako linaanza Oktoba, soko likipanda 6% kwa mwaka, miezi tisa ni 4.5%, kwa hiyo ile 920,000 inakuwa 961,400. Kwenye mfano wa juu nimeliacha hilo kusudi.

Daraja likishapata namba ya katikati, yaani ile mediani ya soko, kazi ni nyepesi. Ukitaka upana wa 30%, yaani dari iizidi sakafu kwa 30%, sakafu ni katikati gawanya kwa 1.15, dari ni sakafu mara 1.3. Yaani 920,000 inakupa 800,000 na 1,040,000. Kazi za juu upana unafika 50% na kuendelea, hapo unagawa kwa 1.25 na kuzidisha kwa 1.5.

Programu: Excel inatosha kwa watu chini ya mia tano. Mwenye kukuambia vinginevyo muulize anauza nini.

Sasa Ijumaa. Usimwambie bosi "bado sijamaliza", utaonekana mzembe. Mpelekee kurasa mbili: cheo kimoja ambacho jina limefanana na kazi haikufanana, na gharama ya kulipa kwa jina kwa miezi 12, pamoja na michango na ovataimu. Kisha omba muda. Kazi 20 kwa dakika 75 ni saa 25 za mahojiano. Ukifanya saa tano kwa siku, ni wiki moja ya kazi, na wiki ya pili ya kuoanisha. Akikataa, angalau toa kwenye mapendekezo kila nyongeza inayotokana na cheo chenye maneno "mwandamizi", "mkuu" au "mratibu", hizo ndizo zenye sumu zaidi.

Na kabla ya kuoanisha kazi zote ishirini, fanya kumi kwanza, ondoa majina ya watu, ubandike hapa. Nitaangalia safu ya asilimia tu.