Mvumo chini ya pikapu 4x4: usinunue difu kabla hujajua kinacholia

Mkuu, umesema Hilux yako dabo kebini inavuma kuanzia kilomita 60 kwa saa, ikifika 80 ndiyo inazidi, na fundi aliyeisikiliza amekuambia difu ya nyuma (boksi la meno linalopeleka nguvu kwenye magurudumu) imekwisha utafute nyingine. Nakuomba hiyo hela usiitoe bado. Pikapu za namna hii nimeziendesha na kuzitengeneza miaka mingi barabara za Mufindi na Njombe, na mbao, mbolea na miche ya parachichi, na ninachokiona ni kwamba difu hulaumiwa mara nyingi kuliko inavyoharibika. Chuma kirefu cha chasisi husafirisha sauti. Beringi ya gurudumu la mbele inaweza kulia ukaapa kwamba sauti inatoka chini ya siti ya nyuma.

Kwa hiyo usianze na kutafuta sauti inatokea wapi. Anza na kujua inafuata nini. Ukiwa kwenye mwendo unaovuma, kanyaga klachi, weka nyutro, uache gari liserereke kwenye barabara tupu na tambarare. Mvumo ukiendelea vilevile, injini, klachi na sehemu ya mbele ya giaboksi zimeshatoka kwenye orodha. Unatafuta kitu kinachozunguka na magurudumu. Ukikata palepale, shuku injini, klachi na giaboksi, au difu inayolia ikivuta tu, ambayo utaipima mlimani kama nitakavyoeleza. Kama ni giaboksi, simamisha gari, injini ikiwa inaunguruma kwenye nyutro: kelele ikiwepo umeachia klachi na kupotea ukikanyaga, hiyo ni beringi ya shafti inayoingia giaboksini. Ikija pale tu unapokanyaga, ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi. Na kwa giaboksi za gia tano kama hizi, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuibebesha shafti ya chini. Gari likilia gia zote halafu likatulia kwenye ya nne, umeshajua pa kufungua.

Sasa tuseme sauti yako inafuata magurudumu, maana maelezo yako yanaelekea huko. Tafuta mteremko mrefu. Kama unakaa Iringa una bahati, Kitonga ni mahali pazuri pa kusikiliza difu, ila chagua saa ambayo malori ni machache. Kupanda umekanyaga mafuta, meno ya difu hugusana upande mmoja. Kushuka ukiwa umeachia mafuta na injini ndiyo inashikilia gari, hugusana upande wa pili. Difu inayolia kweli hubadili sauti kati ya hali hizo mbili: hulia kwa mluzi unapovuta na kunyamaza unaposhuka, au kinyume chake. Mluzi wa kuvuta mara nyingi ni meno yaliyolika au yaliyowahi kufungwa bila kupimwa. Mvumo mzito wa kukwaruza unaozidi ukiachia mafuta, mimi hutazama beringi za pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) kwanza, na ukishika flanji yake, pale propela inapofungiwa, ukaitikisa juu na chini, haitakiwi kucheza hata kidogo. Mvumo usiobadilika kabisa, uvute usivute, nauondoa kwa difu na kuupeleka kwenye beringi za magurudumu au kwenye tairi.

Tairi nakuomba usizipuuze. Zile za matope zenye vishungi vikubwa zikishalika upande, huvuma kama beringi mbovu na hata fundi mzoefu anadanganyika. Pita na kiganja juu ya tairi kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi ncha zinakukwaruza upande mmoja tu, umepata mtuhumiwa. Hamisha za mbele ziende nyuma, uendeshe tena. Sauti ikihama nazo, suala limeisha bila kununua kitu. Dalili nyingine ni kwamba mvumo wa tairi hubadilika unapotoka lami ngumu kuingia lami laini au vumbi, ila wa difu haujali umepita juu ya nini.

Beringi ya gurudumu huitambua kwenye kona. Ukikata kulia, uzito unalalia magurudumu ya kushoto. Mvumo ukiongezeka hapo na kupungua ukikata kushoto, anza upande wa kushoto. Halafu inua gurudumu, weka stendi, zungusha kwa mkono mmoja na mkono mwingine uweke juu ya springi. Sikio linaweza lisisikie kitu, lakini vidole vinapata ule mkwaruzo mdogo unaopita kwenye chuma. Gurudumu lisilo na kasoro halina mkwaruzo.

Sasa propela shafti, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ukiwa na difu ya uwiano wa 4.1, kila gurudumu likizunguka mara moja propela inazunguka mara nne na ushee. Kwa kilomita 40 kwa saa gurudumu la pikapu linazunguka mara nne hadi tano kwa sekunde, propela karibu mara ishirini. Ndiyo maana kasoro ndogo ya propela huja kama mtetemo wa haraka kwenye sakafu na siti, wakati ya tairi huja taratibu kwenye usukani. Lala chini gari likiwa limezimwa, magurudumu yamewekewa mawe, shika propela kwa mikono miwili uitikise na kuizungusha huku na huku. Angalia kwenye vikombe vya krosi jointi, yaani viungo vya msalaba vya kwenye ncha za propela. Ukiona unga mwekundu kama kutu umezunguka kikombe, grisi iliisha siku nyingi na sindano za ndani zinasagana. Krosi ya namna hiyo hulia kama ndege mwendo ukiwa mdogo, na hugonga unapoachia klachi au kubadili kutoka mbele kwenda rivasi.

Kama propela yako ni ya vipande viwili, inua pale kwenye senta beringi, ile inayoishikilia propela katikati. Kuna pikapu ya jirani yangu ilikuwa imeshatafutiwa difu ya mtumba hadi Dar es Salaam. Nilipoinua propela kwa mkono, mpira wa senta beringi ulikuwa umechanika robo tatu ya mzunguko, shafti ikawa inapanda na kushuka ndani ya bano lake. Mpira ulibadilishwa, gari likanyamaza, difu ile ile inafanya kazi hadi leo.

Na je, umeongeza majani ya springi? Huku wengi tunaongeza ili kubeba, na watu hawahusishi jambo hilo na kelele. Springi ikinyanyuka, pembe ya pinioni na propela hubadilika na krosi zinafanya kazi kwenye kona ambayo hazikupangiwa. Ukiona mtetemo upo gari likiwa tupu na unapotea ukipakia mzigo, usifungue difu, shughulikia pembe.

Uzuri wa 4x4 hii ya kuunganisha ni kwamba unaweza kuligawa gari. Kama habu (vitovu vya magurudumu) za mbele ni zile za kufunga kwa mkono, ziweke wazi, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) iwe kwenye magurudumu mawili: shafti za mbele, difu ya mbele na propela yake vyote vinasimama. Kelele ikiondoka, ipo mbele. Kama gari lako halina habu za mkono, shafti za mbele huendelea kuzunguka, basi fungua propela ya mbele na uendeshe bila hiyo. Kabla hujafungua nati, weka alama ya rangi kwenye flanji zote mbili na pale inapoteleza, irudi kama ilivyokuwa. Propela ikirudishwa na krosi hazikulingana, utatengeneza mtetemo mpya juu ya ule wa zamani. Na usijaribu kuzungusha magurudumu kwa injini gari likiwa kwenye jeki, hasa ukiwa umeunganisha mbele na nyuma. Gurudumu moja likigusa ardhi gari linaruka, na chini yake pana mtu.

Ukiendesha umeunganisha 4x4 kwenye lami kavu ukasikia usukani mzito na mishtuko kwenye kona, huo si ubovu. Toa.

Mwisho fungua oili. Anza na nati ya kujazia, ndipo ya kumwagia, usije ukamwaga na nati ya juu ikakataa kufunguka. Unga laini kwenye sumaku ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno au beringi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Ukivuka mto difu ikiwa ya moto na kipumulio kimeziba, inavuta maji kupitia sili. Difu iliyokaa na maji muda mrefu huwa na madoa kwenye beringi, na kubadili oili peke yake hakuyaondoi. Tumia oili ya gia ya daraja la GL-5 kwenye difu.

Na kama baada ya yote haya difu imethibitika, usinunue ya mtumba kwa kuangalia umbo. Uwiano wake lazima ulingane na wa difu ya mbele, la sivyo siku utakayounganisha 4x4 transfa inaweza kupasuka. Kabla hujaifungua yako, zima injini, weka nyutro na mawe kwenye magurudumu ya mbele, inua gurudumu moja la nyuma, lingine libaki chini, zungusha lile la juu mizunguko miwili kamili na uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Namba hiyo ndiyo uwiano wako. Muuzaji naye mwambie ahesabu meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na ya pinioni mbele yako, ugawanye ya krauni kwa ya pinioni, na namba zisipofanana acha difu hiyo hapo hapo dukani.