Wali wa Jumapili wa Mama Yako

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kama unayo haki ya kujiita Mjamaika, wewe uliyezaliwa Birmingham na baba wa Tanga, uliyekiona kisiwa cha mama yako mara moja tu utotoni, na sasa mama mwenyewe hayupo tena wa kukuelekeza. Nakujibu kwamba uanze jikoni, kwa ule wali wake wa Jumapili, kwa sababu hapo ndipo alipokufundisha miaka yote ulipokuwa umesimama kando yake ukisubiri kuonja.

Loweka maharage mekundu tangu Jumamosi usiku. Asubuhi yachemshe pamoja na kitunguu saumu mpaka yaive kabisa, kisha utie tui zito la nazi, vitunguu vya majani vilivyopondwa kidogo, vijiti vya thaimu, chembe chache za pimento, kile kiungo cha kwao chenye punje kama za pilipili manga, na pilipili moja nzima ya Scotch bonnet, ambayo ni ndugu wa pilipili mbuzi yetu. Mchele hufuata mwisho. Mama yako alikuwa akiiopoa ile pilipili taratibu sana kwa kijiko, maana ikipasuka chungu kizima huwa hakiliki.

Siku ya kwanza aliponipikia wali huo nilidhani ameuliza mapishi ya kwetu ili anifurahishe, kwa jinsi lile tui lilivyonirudisha kwa bibi yako. Akaniambia kwamba kwao ndivyo walivyokula tangu zamani, na kwamba Krismasi huyaacha maharage wakatia mbaazi, ambazo wao huziita gungo. Baadaye nikagundua kwamba kalalu aliyokuwa akiitafuta sokoni kwa hamu ni mchicha, na kwamba lile tunda alilopenda kulichoma motoni ni shelisheli, ambalo nahodha Mwingereza William Bligh alilipeleka Jamaika kutoka Tahiti mwaka 1793 ili liwe chakula cha watumwa.

Hilo nataka ulijue vizuri, kwa sababu chakula hiki kina historia nzito. Wenye mashamba ya miwa waliona ni nafuu kuwapa watumwa vipande vya ardhi, mara nyingi milimani, wajilimie chakula chao wenyewe, na huko ndiko walikopanda viazi vikuu, magimbi na ndizi, wakala, na kilichobaki wakakiuza katika masoko ya Jumapili, siku ambayo angalau ilikuwa yao. Samaki wa chumvi aliletwa kutoka bahari za baridi za Amerika Kaskazini kwa kuwa alikuwa rahisi. Akii, tunda linalopikwa pamoja na samaki huyo, asili yake ni Afrika Magharibi. Uhuru kamili ulipopatikana mwaka 1838, watu hawakuvitupa vyakula hivyo. Ndivyo walivyowapikia watoto wao. Nikikumbuka hayo, siamini kwamba Jumapili ya mama yako ilikuwa desturi ya kanisa peke yake.

Akii nunua ya kopo. Lile tunda likiwa bado halijafunguka lenyewe mtini lina sumu inayoweza kuua, na mama yako hakuwa na mzaha kabisa katika jambo hilo.

Daftari lake nakutumia pamoja na barua hii, ingawa vipimo hutavikuta, kwa sababu alipima kwa kiganja, na alipokuwa akiumwa nilimwomba anitajie vikombe akashindwa. Kwa hiyo mpigie mama yako mkubwa kule Mandeville, Jamaika. Wewe ukianza kupika mchana, kwake bado ni asubuhi, naye saa hizo za Jumapili huwa anakuna nazi. Weka simu karibu na jiko, mwamkie, umwonyeshe chungu kabla hujatia mchele, naye atakuambia kama tui limetosha.

Baba yako