Mwaka jana ulizidiwa mara ngapi?

Wiki hii barua karibu zote ni za wenye BPCO, ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, na karibu wote wanataka labo iwatabirie lini watazidiwa, yaani lini shambulio litakuja.

*Daktari, damu gani nipime nijue kama mwezi ujao nitazidiwa? (Mzee, Himbi)*

Hakuna, mzee wangu. CRP na fibrinojeni, protini mbili zinazopimwa kwenye damu, hupanda mwili ukiwa na uvimbe, na wenye fibrinojeni ya juu huzidiwa zaidi. Marekani waliikubali fibrinojeni kama kipimo mwaka 2015, ila ni kwa kuchagulia wagonjwa wa majaribio ya dawa. Utafiti wa ECLIPSE, uliotolewa 2010, ulifuata wagonjwa 2,138 kwa miaka 3. Kilichotabiri kuliko vyote? Historia: aliyezidiwa mwaka uliopita ndiye huzidiwa tena. Chukua kalamu, andika tarehe nyuma ya fishi yako.

*Labo imeandika eosinofili 7%. Shambulio linakaribia? Farmasi wamenipa deksametazoni. (Mama, Majengo)*

Asilimia 7 ya nini, mama? Eosinofili ni aina moja tu ya chembe nyeupe za damu. Nimeandika mpaka nimechoka: msinitumie asilimia tupu! Ukiwa na chembe nyeupe 4,000 kwa kila mikrolita ya damu, hiyo ni eosinofili 280. Ukiwa na 10,000, ni 700. Kuanzia 300, steroidi ya kuvuta, ikiongezwa kwenye dawa za kupanua njia za hewa, hupunguza mashambulio. Chini ya 100 haisaidii sana, na nimonia inabaki hatari yake.

Lakini sisi tuko Goma, na minyoo nayo hupandisha eosinofili. Mgonjwa mmoja alinifungulia karatasi kutoka kwenye pindo la kitenge: 900, na hofu tele. Tulitibu minyoo, namba ikashuka. Kifua kilibaki vilevile. Tena kuna mnyoo uitwao strongiloide: ukimeza steroidi, kama hiyo deksametazoni yako, na unaye, anaweza kusambaa mwili mzima na kukuua. Yule wa farmasi alikuuliza habari ya minyoo? Hata kifua hakukisikiliza. Kama umeshameza wiki kadhaa, usiache ghafla. Muone daktari kwanza.

*Spirometri, kile kipimo cha kupuliza, ni lazima?*

Ndiyo. Bila kupuliza, huenda ni pumu, au makovu ya kifua kikuu.

*Ni mazuku yameniharibia mapafu? (Kijana, Ndosho)*

Mazuku ni kaboni dioksidi inayolala mabondeni. Inaua papo hapo, haikukohoshi miaka kumi. Mimi nashuku moshi: mbabula yenu, jiko la makaa, mnaiwashia wapi?

*Nipime CRP kila wiki?*

Hapana. Franka hizo nunua dawa yako ya kuvuta.